Ndevu za Adila

Bagamoyo

Dada yangu Mwanaharusi,

Shikamoo. Natumai hapo Lugoba mwaamka salama, na mguu wako umepungua uvimbe. Mimi mzima kama chuma. Juzi nimebeba magunia mawili ya muhogo, moja kila bega, vijana wakabaki midomo wazi.

Nakuandikia habari za mwanao Adila, maana kwa simu hazisemeki. Uliponiletea nimwoze, hukuniambia kuwa anaota ndevu. Somo yake, kungwi wa kumfunda, alimkuta akinyoa kidevu, akatoka mbio akisema binti kaolewa na jini mahaba, ndiye anayemzuilia hata damu ya mwezi. Mimi, niliyemfukuza chui kule Ubena kwa kanga ya mke wangu, nilicheka tu. Nikampeleka hospitali.

Wakampima homoni ya kiume, ambayo kumbe hata nyinyi wanawake mnayo kidogo. Jibu likaja: kiasi cha kawaida. Daktari akasema tungoje kipimo cha pili. Tungoje nini? Kama damu haina kosa, mwenye kosa ni jini. Nikamwita Mwishehe, fundi wa kupunga majini, kutoka Msata.

Leo asubuhi nikaitwa hospitali, kipimo cha pili kimetoka. Daktari akanieleza kuwa sehemu kubwa ya homoni hiyo hushikwa na protini iliyomo damuni, na iliyoshikwa haifanyi kazi. Iliyo huru ndiyo ioteshayo ndevu. Hajamaliza nikamwambia: basi ni mbuzi! Tumehesabu mbuzi, hatukuhesabu kamba. Mbuzi wa Adila si wengi, ila kamba chache, wanazurura shambani. Akacheka, akasema ndivyo hasa; ni maradhi, yana dawa.

Nilirudi mbio, dada. Mwishehe alikuwa amemfungia chumbani na chetezo cha ubani, akimdai jini ajitaje, maana mafundi hawamwachilii mtu mpaka jini aseme jina. Nilimwacha Adila akilia kuwa hana jini. Nilipofika, jua la utosi, palikuwa kimya. Mwishehe yu kizingitini. Akaniambia jini amejitaja, akakusanya vyake, akaenda bila kuaga.

Nikampa Adila vidonge alivyonipa daktari. Akanijibu kwa upole, mjomba, ngoja nimuulize. Akageukia ukuta, akanong'ona, akasikiliza kitambo. Kisha akanirudishia vidonge: mwenyewe amekataa.

Nakiri kwako peke yako: jini hakuwamo. Nimemwalika mimi. Njoo upesi, huenda sauti ya mama akaisikia.

Nisalimie shemeji na watoto. Adila yu dirishani, anakusalimu sana. Anasema na mkweo anakusalimu.

Nduguyo,
Msabaha