Koti la kanisani kwenye banda la kuku

Niboye, Jumatano usiku

Umeme umerudi sasa hivi, na mimi nimebaki na hasira ambayo sijui niipeleke wapi.

Tangu nilete hawa vifaranga wa nyama, wa kwanza maishani mwangu, mume wangu Deo hajaacha kulalamika. Harufu. Kelele. Taa ya kuwapasha joto inayowaka usiku kucha. Juzi aliwaambia wageni kwamba mke wake siku hizi ameolewa na kuku.

Leo nilikwenda Kabuga kununua chakula chao, mvua ikanikamata huko. Jirani akanipigia simu kuniambia umeme umekatika. Vifaranga wakisikia baridi wanarundikana, na wa chini hawaamki tena. Kumpigia Deo sikuona hata maana.

Nimefika nimelowa, nikaenda moja kwa moja bandani. Deo alikuwa amekaa chini kwenye maranda, imbabura, lile jiko letu la mkaa, inawaka pembeni yake. Dirisha la upande wa mvua alikuwa ameliziba kwa koti lake la kanisani, dirisha la pili ameliacha wazi moshi utoke. Vifaranga wakibanana, anawatenganisha kwa mkono, taratibu.

"Mama Aline, funga mlango, baridi inaingia," akasema bila hata kuniangalia.

Hajafa kifaranga hata mmoja.

Na maneno yote niliyokuwa nimempangia njia nzima...

Amelala hapa pembeni yangu. Hakuoga, alisema maji ni ya baridi. Ananuka kuku kuanzia nywele mpaka miguu, na mimi nimemfunika shuka mpaka mabegani.