Dawa ya Sikio Uliyokuwa Ukiipasha Kwapani

Newala, Jumanne, 8 Julai

Baba Zuhura,

Sikio la kulia bado limeziba. Asubuhi nilitia dawa ya matone ikiwa ya baridi, chumba kikazunguka, nikashikilia kitanda upande wako. Ndipo nikakumbuka ulivyokuwa ukipasha chupa kwapani kabla ya kumtia Zuhura, naye akilalamika, “Baba, dawa yangu itanuka jasho!”

Vumbi la salfa, dawa ya unga ninayopulizia mikorosho, liliniwasha sikioni, nikachokonoa kwa unyoya wa kuku mpaka nikajichubua. Zuhura amenigombeza kwenye simu.

“Mama, lisipopona nakuja kukuchukua, tukae wote Masasi. Mtu akibisha hodi utamsikiaje?”

Sitaki kwenda. Nani atapulizia mikorosho yako? Na kaburi lako, nani atalifagia?

Jirani ameleta mafuta ya nazi ya moto nitie. Nimemshukuru, nimeyapaka miguuni. Muuza dawa aliyeniuzia matone alinikataza kutia kitu kingine.

Jioni hii nimeipasha chupa kwapani, nikatia, nikalala sikio la kushoto likiwa kwenye mto. Chumba kimetulia. Kwa mbali, kwa sikio hili la kulia, nimesikia adhana ya isha. Au ni hamu yangu tu ya kubaki hapa karibu nawe?

Kesho nitasikiliza tena. Nikumbuke huko uliko.