Mpira Mmoja kwa Zamu

Jumanne, 7 Oktoba

Tumefika Skelby, mji mdogo wa pwani, saa kumi jioni. Upepo, manyunyu, gati ya watalii imefungwa kwa mnyororo. Mimi na Baba na mabegi mawili marefu ya fimbo za gofu. Mwaka wa kumi na nne huu tunakuja mashindanoni. Nilianza nikiwa na miaka kumi na miwili.

Kwenye treni begi la Baba lilikwama mlangoni. Jamaa nyuma yetu akapaza sauti: mzee, umembeba nani humo, marehemu? Baba papo hapo: "Mama mkwe! Ila bado anapumua, usimkanyage." Behewa zima likacheka. Huyo ndiye Baba. Nikajiambia Mama ametia chumvi juu ya hali yake.

Kisha Doncaster, tulipobadilisha treni. Nilikwenda kununua chai. Niliporudi alikuwa amesimama mbele ya begi lake, mikono mfukoni, akilitazama. Akaniuliza kwa adabu sana: "Hili la nani? Mwenyewe ameondoka?"

Jina letu liko ubavuni kwa herufi nyeupe. YELLAND. Aliliandika mwenyewe.

Nikacheka. Naye akacheka — baada yangu kidogo. Hiyo "baada yangu kidogo" haijaniachia hadi sasa.

Jumatano, 8 Oktoba

Mama kapiga simu asubuhi. Umeona lolote? Nikasema hapana. "Usinidanganye, Tamsin. Mimi ndiye ninayelala naye kitanda kimoja." Amempangia daktari wa kumbukumbu Jumatatu. Baba hajaambiwa. Kwa hiyo mimi ninampeleleza baba yangu. Nilikubali. Sijui kwa nini nilikubali.

Kifungua kinywa. Bi. Oldroyd, mwenye nyumba ya wageni: "Bwana Yelland, mayai yako ni kama kawaida?" Baba akatulia. Kisha tabasamu lile. "Kama kawaida, bibiye. Wewe ndiye unayenijua kuliko mke wangu." Bi. Oldroyd akaona haya kama msichana, akaenda zake.

Alikuwa hajui kawaida yake ni ipi! Nimeiona sasa — milango midogo ya maneno anayotorokea. Anayo mingi. Ameijenga lini?

Mchana tulifanya mazoezi. Ukungu uliingia kutoka baharini, ukasimama kwenye matuta ya mchanga, hausogei. Baba alipiga mipira thelathini. Yote ilinyooka. Mwili unakumbuka kila kitu.

Alhamisi, 9 Oktoba

Tumeshinda mechi ya kwanza!

Mashindano haya ni ya mzazi na mwanawe. Kila jozi ina mpira mmoja tu, mnaupiga kwa zamu, pigo lako, pigo langu, mpaka uingie shimoni. Baba anaanzisha mashimo ya namba witiri, mimi ya namba shufwa. Ukipiga zamu isiyo yako, shimo hilo mmelipoteza. Hakuna mwamuzi anayekufuata. Unajisema mwenyewe. Na Baba ndiye mzee wa kanuni hapa. Wakibishana baa wanamwendea yeye, naye hujibu bila kufungua kitabu. Mwaka ule alipokiri kwenye fainali kwamba ameutikisa mpira kabla ya kupiga — hakuna aliyeona ila yeye — tulilikosa kombe. Nilikuwa na miaka kumi na mitano na nililia. Akaniambia: "Lia, mwanangu, lakini usijute." Mpaka leo watu wanamnunulia kinywaji kwa ajili ya siku ile.

Leo kwenye shimo la tano aliuliza, "Haya, zamu ya nani, tajiri?" Kama mzaha. Shimo la tisa, tena. Kuanzia hapo nikawa namwekea fimbo mkononi zamu yake ikifika, na yangu ikifika namwomba anishikie mwavuli. Hakuna aliyegundua. Ilikuwa rahisi mno. Hilo ndilo linalonitisha.

Mama katuma ujumbe. Nimemjibu: tumeshinda, Baba yuko vizuri.

Ijumaa, 10 Oktoba. Alasiri

Niandike taratibu.

Nusu fainali, dhidi ya Bwana Pinnock na mwanawe Hugo. Bwana Pinnock amekuwa rafiki wa Baba kwa miaka thelathini. Ukungu tangu asubuhi. Kutaniana kama kawaida yao, Bwana Pinnock akianza: "Gerald, mwaka huu nakuzika!" — "Chimba refu, Douglas, mimi ni mrefu." Hugo akaniambia nipige haraka, masikio yake yameganda. Nikamwambia ayavue ayatie mfukoni.

Tulikuwa sawasawa mpaka shimo la kumi na sita. Shufwa, nikaanzisha mimi. Nikapiga vibaya, mpira ukapotelea nyuma ya tuta kubwa. Baba akatangulia. Mimi nikarudi kuokota kifuniko cha fimbo nilichokisahau. Dakika moja! Sikumwacha zaidi ya dakika moja.

Nilipofika juu ya tuta alikuwa ameshaupata mpira, kwenye nyasi ndefu. Akapiga. Zamu yake, sawa. Mpira ukasogea hatua mbili tu. Akaufuata. Nikafungua mdomo — na akapiga tena. Pigo langu. Pigo zuri kuliko yote niliyowahi kumwona akipiga; mpira ulipaa, ukamezwa na ukungu, na upande wa pili Hugo akapiga mluzi.

Baba akageuka akaniona. Uso unang'aa. "Safi sana, Tam! Umepiga safi sana!"

Sikuelewa. Kisha nikaelewa.

Hakuwa anaiba. Hakuwa anatania. Alikuwa ameniona mimi nikipiga.

Tulipozunguka tuta, Bwana Pinnock akauliza, nani kapiga kombora lile? Baba akanishika bega. "Binti yangu! Nani mwingine?" Wote wakanitazama. Nikasema: "Bahati tu."

Nimeiandika. Nilisema bahati tu.

Halafu akachukua fimbo ya kumalizia, akausukuma mpira shimoni. Kwa hesabu yake ilikuwa zamu yake. Mapigo matatu mfululizo, mtu mmoja. Tukashinda shimo hilo, na kwa tofauti ya shimo hilo moja tukashinda mechi. Kesho fainali, saa saba.

Kazi yake kwa miaka thelathini na minne ilikuwa kukagua madaraja. Alikuwa akigonga chuma kwa nyundo ndogo na kusikiliza. Ningemsikiliza hivyo mapema — lakini sikutaka kusikia.

Jumamosi, 11 Oktoba. Saa nne asubuhi

Bwana Pinnock alikuja nyumba ya wageni kabla ya chai. Hakuingia. Akaniita nje, kofia mkononi.

"Tamsin, nilisikia milio miwili. Haraka-haraka. Na ukungu ulifunuka kidogo, nikakuona juu ya tuta na kifuniko mkononi. Fimbo hukuwa nayo."

Nikatazama kofia yake.

"Mimi sitasema kwa mtu. Namfahamu Gerald tangu hujazaliwa. Lakini ukweli huu si wangu kuusema, mama. Ni wenu." Kisha, polepole: "Anaumwa, siyo?"

Nikasema sijui. Uongo wa nne wiki hii. Akavaa kofia akaenda. Alikuwa analia, nadhani. Au ni ukungu.

Nikisema: klabu nzima itajua, na Baba atajua kwamba wanajua. Nisiposema: ninamfanya mwizi mtu ambaye hajawahi kuiba hata nyasi moja. Nitamwambia yeye kwanza. Ana haki ya kusikia kwangu.

Saa tano na nusu

Niko kwenye benchi nje ya ofisi ya katibu wa klabu. Naandika ili nisikimbie.

Nilimwambia. Alikuwa kitandani anafuta viatu vyake vya gofu. Nilisema: Baba, jana, shimo la kumi na sita, nyuma ya tuta, mpira ulipigwa mara mbili na mtu mmoja. Ndivyo nilivyosema — na mtu mmoja. Mwoga mimi! Nilidhani ataelewa.

Akaweka kiatu chini. Akanitazama kwa huruma, muda mrefu.

"Na umelibeba peke yako usiku kucha," akasema. "Maskini mwanangu."

Nikasema: Baba, hapana, si mimi. Akanishika mkono. "Sikia. Ukungu ule, ungemchanganya mtu yeyote. Si dhambi kusahau zamu. Dhambi ni kunyamaza. Vaa koti, twende, nitasimama na wewe." Nikasema tena, si mimi, Baba, ni wewe. Nililisema, kwa sauti! Uso wake ukawa kama pale Doncaster. Adabu tupu. Akasubiri nimalize, akanifungia kifungo cha juu cha koti, kama nina miaka kumi na miwili, akafungua mlango.

Njiani alishika begi lake kwa mikono miwili, ingawa hatukulihitaji.

Sasa yuko ndani. Mlango haujafungwa vizuri, namsikia. Anaeleza kanuni ya ishirini na mbili, kifungu cha tatu, bila kukwama, sauti ileile ya zamani. Anasema shimo lile halikuwa letu, Douglas na Hugo ndio waingie fainali. Anasema nisiadhibiwe zaidi ya hapo. Msichana amekuja kwa hiari yake, ana aibu, msimwonee. Katibu anakohoa. Anauliza kama kuna shahidi.

"Mimi," anasema Baba. "Nilisimama karibu naye. Nilimwona akipiga yote mawili."



Katibu anasema basi itabidi amsikie na Bi. Yelland mwenyewe, yaani mimi. Kiti kinasogezwa. Nyayo za Baba zinakuja mlangoni kunichukua. Nimesimama, naandika nimesimama, bado sijui nitasema ni nani aliyepiga, na ananyoosha mkono —