Kreni Hakai Kitini

Banda la Kinyozi,
Mkabala na karakana ya matairi.
Jumanne, tarehe 14 Mei.

Mpendwa Dada,

Kabla sijakuamkia niruhusu nijisifu, maana hata ukinikataza nitajisifu tu. Mdogo wako nina bahati ya mtende. Ndugu yetu Kreni alipofumbua macho hospitalini, watu wamekizunguka kitanda, daktari yupo, mwalimu wake wa ngumi yupo, Mama Mdogo yupo na leso yake imelowa chapa, jina la kwanza kumtoka kinywani lilikuwa langu. Langu mimi! Wapo wenye vyeo na magari, lakini nani kati yao amewahi kuitwa hivyo?

Haya, sasa shikamoo Dada. U hali gani? Shemeji hajambo? Wapwa zangu hawajambo, au wameshakuwa warefu kiasi cha kutoitikia salamu za mjomba? Na mguu wako ule unaovimba ukisimama sana jikoni pale hotelini, umepata nafuu? Sisi huku tunapumua. Nisingesema zaidi ya hapo, lakini barua haikuandikwa kwa ajili ya kupumua.

Najua Mama Mdogo alikupigia simu kukueleza pambano. Sasa Mama Mdogo ngumi hazijui. Kwake yeye kila bondia anayeanguka ameteleza. Nikaona nikuandikie mwenyewe, polepole, maana simuni nikianza tu nitakwama. Mimi shule niliiacha kabla haijaniacha, lakini kwa mambo ya ulingo hata profesa hukaa kitini kwangu akanyolewa huku anasikiliza. Na siku ile nilikuwa pale pale konani, chupa ya maji mkononi.

Nianze na Tingatinga, yule aliyepigana naye. Sifa yake ya kwanza ni subira. Hana haraka na kichwa chako. Anapiga mbavu, anapiga tumbo, kama mtu anayebomoa ukuta kwa kuchomoa tofali za chini. Mkono wake wa kulia ukikufika kwenye ini, unakumbuka hata ulichokula juzi. Kasoro yake ni miguu. Anageuka kama kabati linalohamishwa, na kichwa anakiacha pale pale ulipokiona jana. Pumzi nayo ni haba. Kufikia raundi ya tano alikuwa anahema mdomo wazi, na kengele ikilia tu anakimbilia kiti chake, anakaa miguu kainyoosha kama mgeni rasmi. Ukumbi ulimzomea kweli kweli.

Sasa wetu. Dada, ule mkono wa kushoto wa Kreni Mungu aliurefusha makusudi. Unakwenda, unafika, unarudi, mwenzako bado yuko katikati ya kupepesa jicho. Kidevu chake ni jiwe la kusagia. Na kwa mtu wa uzito wa juu, anayejaza mlango mzima akisimama, anakanyaga chini kama anaogopa kumwamsha mtoto. Raundi sita za mwanzo alimpiga Tingatinga hadi nikamwonea huruma, na unajua mimi huruma yangu siitoi hovyo. Kasoro ya mikono anayo moja: akiurudisha ule wa kushoto anaushusha hadi kiunoni, kama anayetafuta kiberiti mfukoni. Mwalimu wake amemkemea, amembembeleza, amemfunga kamba mkononi, wapi!

Lakini si hiyo iliyotuponza. Kilichotuponza ni kiti.

Wewe ngumi hukuwahi kuzipenda, kwa hiyo nikueleze. Raundi ikiisha bondia hurudi konani kwake, anawekewa kiti kidogo, anakaa dakika moja, anamwagiwa maji, anarudisha pumzi. Kreni hakai. Anasimama, mikono juu ya kamba, anamtazama mwenzake. Mwalimu alipiga kelele, “Kaa! Kaa chini wewe!” Nikamsogezea kiti hadi kikamgusa visigino. Akakisukuma kwa mguu, na ukumbi ukalipuka kwa shangwe.

Unajua alikoitoa tabia hiyo. Baba alipakia saruji ghalani maisha yake yote, na ni wewe uliyekuwa ukimpelekea chakula, akila amesimama, sahani juu ya rundo la mifuko. Wapakiaji wana sheria yao: lori halijajaa, hakuna kukaa. Mwili ukipoa magoti yanagoma, mgongo unajifunga, na mfuko unaofuata unakuangusha. Kreni alikunywa sheria hiyo pamoja na uji. Na ghalani ni sheria ya haki kabisa. Ila nimekuja kuifikiria sana nikiwa nanyoa watu: mpakiaji hupumzika. Hupumzika akirudi kwenye rundo mikono mitupu, akijipangusa jasho, akimtania mwenzake. Ulingoni hakuna kurudi mikono mitupu. Ulingoni pumziko ni lile la kitini tu, na mtoto wa Baba alilikataa mbele ya watu wote.

Raundi ya nane miguu ikaanza kumkana. Goti lake la kulia lilikuwa linacheza peke yake, kama la mtu anayesubiri kuitwa ofisini. Mwalimu akaniambia kwa sauti ya chini, “Huyu ameisha, ila hajaambiwa.” Raundi ya tisa akarusha kushoto, akaurudisha kiunoni, na kulia ya Tingatinga ikaja kwa juu. Dada, alianguka bila kutanguliza mikono. Hata mtoto mchanga akianguka hutanguliza mikono.

Kesho yake nikafungua banda, maana nyumbani kuta zilikuwa zinanitazama. Wateja wakanikalia kooni. Fundi viatu, unamkumbuka, yule asiyeweza kumeza neno, akasema, “Kinyozi, ndugu yako kakung'utwa kama zulia!” Dereva wa lori akamjibu, “We fundi nawe! Zulia likikung'utwa linarudi sebuleni. Huyu tunajua kama atarudi?” Mashine ikabaki inaunguruma mkononi mwangu. Fundi viatu akavua kofia, akaniomba radhi, na mimi nikamwambia asivue kofia bandani kwangu bila kutaka kunyolewa. Tukacheka kidogo. Si sana.

Kisha akaja Tingatinga mwenyewe. Akainama mlangoni, akajitumbukiza kitini, kiti kikalia. Wembe ulikuwa mkononi mwangu tayari. Akanyoosha shingo, akasema, “Nyoa kaka, au fanya unavyotaka.” Nikamwambia kwa shingo kama hiyo nitahitaji kwanza kuazima msumeno. Akacheka, kisha lile lijitu likalia machozi, povu la sabuni likamteremka hadi kifuani. Akaniambia raundi ya saba alikuwa anataka kujitoa, pumzi hana, mbavu zinawaka. Lakini kila akikaa na kumwona Kreni amesimama, aliogopa. Alidhani si mtu yule. Ile ngumi ya mwisho, alisema, hakuipiga kwa nguvu, aliipiga kwa woga. Sikuweza kumchukia. Nilimnyoa vizuri kuliko ninavyowanyoa marafiki.

Sasa hali ya mgonjwa. Jicho la kushoto anaona kama kupitia moshi. Maneno yanamjia polepole, mengine hayaji. Daktari alituita mimi na Mama Mdogo, akatueleza bila kuzunguka: ndani ya kichwa pameumia, patapona kiasi patakachopona, lakini akipigwa tena kichwani huenda asiamke. Mimi naenda kila asubuhi kabla ya kufungua banda, namnyoa ndevu, maana zinaota kama za mtu asiye na matatizo. Wauguzi wanamsihi akae kitandani. Hakai, Dada. Anasimama dirishani, kashika fremu, mpaka miguu inatetemeka.

Na hapo ndipo penye kilio changu. Mwandaaji wa mapambano alikuja wodini na suti yake na mkufu wake, akamwambia watu wanataka kuona pambano la marudiano, apone tu. Kreni akasema ndiyo. Mwalimu wake ameapa kwamba hatamfunga glovu tena, lakini walimu wako wengi, na wengine wangefunga glovu hata maiti. Mama Mdogo amelia, hakusikilizwa. Mimi nimesema yangu yote, ya mzaha na ya kweli. Mimi hanisikii.

Wewe atakusikia. Mama alipofariki wewe ndiye uliyemlea. Ni kwako tu alikuwa akikaa kitako kula mpaka sahani iishe. Kila siku anakutaja, anauliza kama umeshatoka kazini. Nakuomba Dada, ukiisoma barua hii mpigie. Ukiweza kuja, njoo. Usimsimulie habari za daktari wala za kifo, mambo hayo kwake ni kama kumwita ulingoni. Mwambie kwa lugha ya Baba. Mwambie lori limejaa. Limejaa, limefungwa turubai, limeshaondoka, na hakuna mfuko uliobaki ghalani. Mwambie akae.

Mama Mdogo anakusalimu sana, anasema ujifunike kifua. Mjomba Redio anakusalimu, bado anatangaza habari za watu bila mitambo. Mwalimu wa ngumi naye anakusalimu ingawa hamjaonana. Msalimie Shemeji, na wapwa zangu wote wawili, Mrefu na Kichekesho. Waambie mjomba wao bado ni kinyozi bora kuliko wote waliowahi kushika mkasi.

Mungu akupe miguu isiyovimba, na wewe nawe ujifunze kuipumzisha, maana ugonjwa wa kusimama naona ni wa ukoo mzima. Akufungulie njia, akurudishe kwetu ukiwa mzima.

Wako akupendaye,
mdogo wako,
Mdomo.

Dada, bahasha nilishaibandika, nimeifungua tena. Lile nililojisifia pale juu si kweli. Jina la kwanza aliloita ni lako, la pili la mwalimu wake. Langu halijamtoka mpaka leo. Mimi ananiita kinyozi. Nikimaliza kumnyoa ananishukuru kwa heshima zote, na jana aliniuliza kama na mimi nina ndugu.