Siku Mlipoyapa Mgongo Malori ya Askari

Kiomboi, Iramba

Mpendwa kaka Naftali,

Jana mvua ya kwanza ilinyesha hapa kwetu, na mama amesema lile analosema kila mwaka, kwamba waliowahi kutifua watakula. Shamba letu halijatifuliwa. Baba anaweza nusu yake tu, nusu nyingine inaota majani. Mimi nimekaa barazani kwenye nyumba ya wauguzi wa hospitali, nguo zangu za kazi bado zimelowa, nakuandikia wewe ambaye posta haiwezi kukufikia tena. Watakaoisoma barua hii ni wengine, nami nataka iwe hivyo. Watu walikusema hadharani, wakakumaliza hadharani. Mimi dada yako sikupewa nafasi ya kusema siku ile, kwa kuwa nilikuwa msichana na baraza lilikuwa la wazee.

Nakukumbuka kwanza mgongoni kwa Zefania. Mto ulikuwa umejaa, na kaka yetu mkubwa alikuvusha wewe kwanza, akarudi kunichukua mimi. Ulikuwa umekwisha kuwa mkubwa wa kujivusha mwenyewe, lakini ulikuwa na vitabu, naye alisema vitabu visilowe. Zefania aliishia darasa la nne. Alipoingia jeshini alimwambia baba, mimi nikiwa napepeta mtama, "Mshahara wangu umsomeshe Naftali. Mmoja wetu akiwa mwalimu, inatosha." Baba, ambaye alikuwa amepigana Burma katika vita vya Mfalme na kurudi na sikio moja lisilosikia, alimwambia, "Nenda. Lakini usijitolee kwa jambo lolote."

Ukaenda chuo cha ualimu. Kila likizo ulirudi umebadilika kidogo. Ulianza kumsomea baba gazeti jioni, ukikaa upande wa sikio lake zima, na habari ulizozirudia zaidi zilikuwa za vita vya Kenya: vijiji kuchomwa, watu kufungiwa ndani ya nyaya za miiba, askari wa kwetu kupelekwa kule msituni. Siku moja tulikuwa tunakamua ng'ombe, nikakuuliza kwa nini unajisumbua na nchi ya watu. Ulisema, "Raheli, wale ni wakulima. Wanagombea mashamba. Kesho mtu akija kutaka haya ya kwetu, nani ataletwa kutupiga? Ataletwa mkulima mwingine, amevalishwa kofia."

"Na Zefania je?" nikakuuliza. "Naye amevaa kofia."

Uliacha kukamua. "Zefania ni kaka yangu. Sina neno na Zefania. Neno langu ni na anayemtuma."

Nilikuamini wakati ule. Niliona ni jambo jepesi kutenganisha.

Yaliyotokea Mkiwa ulinisimulia mwenyewe, siku ulipofika nyumbani kwa miguu na sanduku lako kichwani, katikati ya muhula. Serikali ilikuwa imekusanya askari wapya Singida, wakawa wanapelekwa Itigi kupanda treni, na chuo chenu kiliagizwa kutoa wanafunzi wasimame njiapanda ya Mkiwa, wapunge bendera za karatasi na kuimba. Mlikubaliana jioni iliyotangulia, kwenye ukumbi wa chakula, kwamba hamtaimba wala hamtatupa mawe wala kutukana. Malori yakikaribia mtageuka, muyape mgongo, mkae hivyo mpaka yapite yote. Na mkaahidiana kwamba hata likitokea lipi, hakuna wa kugeuka.

Vumbi likaja. Mkageuka. Mkuu wa chuo akapiga filimbi mpaka sauti ikamkauka. Lori la kwanza likapita, waliomo wakidhani ni mchezo, wakacheka. La pili likapita kimya. Halafu ukasikia mtu anakuita kwa Kinyiramba, kwa lile jina lako la utotoni ambalo hakuna mtu chuoni alilijua.

Ilikuwa sauti ya Zefania. Sisi sote tulijua yuko kambini Tabora. Kumbe alikuwa ametumwa pamoja na wenzake kuja kuwachukua hao askari wapya, na safari yake ilikuwa hiyohiyo ya kwenda Kenya. Hakupata ruhusa ya kufika nyumbani. Alikutambua kwa mabega.

"Aliniita tena na tena, Raheli," uliniambia. Ulikuwa umekaa juu ya jiwe nyuma ya jiko, unaparua matope kwenye viatu kwa kijiti, na viatu havikuwa na matope. "Alidhani simsikii. Akawa anaita kwa nguvu zaidi, lori linakwenda, anaita."

"Nawe?"

"Tulikuwa tumeahidiana."

Mama alikuita ule ugali na mlenda, ukaenda, ukala kidogo, ukamshukuru.

Chuo kiliwafukuza wote, kisha kikalegeza: atakayeomba radhi mbele ya baraza la kwao atarudishwa. Ndipo likaitishwa baraza hapa Kiomboi. Sijaona watu wengi hivyo tena. Walikuja hata wasio na mtoto shuleni, kwa sababu jambo lenu lilikuwa limeingia kila nyumba. Kwa kina mjomba waliacha kula pamoja. Dukani kwa Mhindi watu walibishana mpaka akawaomba watoke nje. Kanisani waliokuwa upande wenu walikaa benchi za kushoto, na hakuna aliyewaambia wakae hapo.

Bwana Shauri, mzungu wa serikali ya wilaya, alikaa mezani na Mtemi, karani akitafsiri. Mchungaji alisimama kwanza akasema Maandiko yanatutaka tuwatii wenye mamlaka, na kwamba shule ni zawadi, na anayetemea zawadi hapewi nyingine. Akasimama Juma Salimu, mchuuzi wa ng'ombe, aliyekuwa Burma pamoja na baba. Akauliza, "Hawa vijana wamempiga nani? Wamevunja nini? Wamegeuka tu. Mimi nilipotoka vitani sikupokewa na bendera wala na mgongo, nilipewa koti. Waacheni wasome." Watu wakapiga makofi, wengine wakazomea.

Halafu akasimama Mama Yeremia, jirani yetu, bila kuruhusiwa. Mtemi alitaka kumkalisha, akakataa.

"Mwanangu alikuwa kwenye lori lile," akasema. "Alikuwa ametoka kwangu juzi yake tu. Anakwenda asikokujua, anaogopa, na mtoto niliyemnyonyesha mama yake alipougua anamwonyesha mgongo. Naftali, nimekukosea nini?"

Ulisimama. Nilikuwa kwenye ukuta wa nje na wanawake, nikakusikia vizuri. "Shikamoo mama. Hujanikosea. Sikumpa mgongo Yeremia. Nilivipa vita."

"Vita havina macho," akasema. "Mwanangu anayo."

Kaka, hata karani aliacha kutafsiri. Mpaka leo naisikia kauli ile.

Baba akaitwa aseme, kama askari wa zamani na kama mzazi wa pande zote mbili. Alichelewa kuinuka. Hakuzungumza na Bwana Shauri wala na watu, alizungumza na wewe. "Mimi niliua mtu Burma. Simjui jina, sijui alimkosea nani. Kwa hiyo usidhani sikuelewi. Lakini kaka yako yuko kule analala kwenye matope ili wewe usome. Omba radhi, mwanangu. Neno moja tu. Sema, twende nyumbani."

Wenzako waliomba radhi mmoja mmoja, wengine wakisukumwa na baba zao. Zamu yako ilipofika ulimtazama baba ukasema, "Nikiomba radhi nitakuwa nasema kwamba Zefania yuko mahali anapostahili kuwa." Ukakaa. Hayo tu. Mchungaji akatikisa kichwa. Juma Salimu akaja kukushika bega, wengine wakatema mate chini ulipopita.

Nilikuwa nakuonea fahari siku ile, na nilikuwa nakukasirikia. Vyote viwili vilikaa ndani yangu pamoja, na havijatoka.

Ulikaa nyumbani msimu mmoja wa kulima. Uliwafundisha watoto wa jirani kusoma, mpaka wazazi wao walipoambiwa si vizuri. Kisha akaja tarishi wa Mtemi, akavua kofia alipofika uani, na mama akaanza kulia kabla hajaambiwa kitu, kwa sababu ya ile kofia. Zefania alikuwa ameuawa msituni Kenya. Amezikwa hukohuko. Tulitandika mikeka uani bila maiti na bila kaburi, watu wakaja, na hata kwenye mikeka ya msiba waligawanyika. Mzee mmoja alisema kwa sauti ya kusikika kwamba marehemu aliagwa na ndugu yake kwa mgongo. Ulikuwa unapasua kuni. Ukaendelea kupasua kuni, zikawa nyingi kuliko msiba ulivyohitaji.

Baba hakukufukuza. Angekufukuza ingekuwa afadhali. Aliacha tu kukuitikia. Kila asubuhi ulisimama mlangoni kwake, "Shikamoo baba," naye anafunga kamba ya kiatu, anaangalia mawingu, anatoka kwenda zizini. Kila asubuhi. Mama alimsihi, baba akasema, "Niacheni, siyo kwamba namchukia. Nikifungua mdomo sijui kitatoka nini."

Uliondoka na lori la biashara la kwenda Singida, ukaunganishe hadi mashamba ya mkonge huko Tanga. Nilikusindikiza. Nilikuambia subiri, baba atapoa. Ulisema, "Hajachemka, Raheli. Amepoa mno." Ulikuwa mwembamba, na kola ya shati lako la chuo ilikuwa imegeuzwa ili ionekane mpya. Sikujua ndiyo mara ya mwisho. Ningejua ningekukumbatia mbele ya watu, hata kama si desturi.

Mtu wa Ihanja aliyekuwa akikata mkonge na wewe ndiye aliyetuletea blanketi lako na habari. Alisema homa ya mapafu ilikuchukua haraka, na kwamba jioni ulikuwa ukiwaandikia wenzako barua za kwao, hutaki malipo, na hukuwahi kumwambia mtu kwamba ulisomea ualimu. Baba alisikiliza kwa lile sikio zima. Alilipokea blanketi, akalikunja, akaliweka magotini. Baadaye sana, mtu yule alipokuwa amekwisha kupewa maji na chakula, baba akasema, "Marahaba." Mgeni akadhani anaamkiwa vibaya, akashangaa. Sisi tulijua anamjibu nani. Mama alitoka nje.

Siku hizi mambo yamebadilika, kaka. Watu wanataja uhuru mchana kweupe. Baadhi ya waliokuzomea barazani sasa wanasimama majukwaani kuwaambia watu kwamba askari wetu wasipelekwe nchi za watu, na wanapigiwa makofi. Mmoja aliniambia, "Kaka yako aliwahi mno." Alikusudia kunifariji. Nilimfunga bandeji, nikamwambia arudi Jumatatu. Mama Yeremia naye hajabadilika. Yeremia alirudi mzima wa mwili, lakini hukaa mlangoni tangu jua linapochomoza, na akisikia gari anaingia ndani. Nampelekea dawa ya usingizi. Mama yake aliniambia juzi, "Bado namkasirikia Naftali. Nami namlilia. Usiniulize ni kwa namna gani." Tulikaa tukachambua mboga.

Jambo lililonifanya nikuandikie ni hili. Tumeletewa mganga msaidizi mpya hospitalini, mtu wa Kenya, Mkikuyu, anaitwa Njoroge. Ni mpole na mikono yake ni safi kazini. Nilikuwa nafanya naye kazi nikiwa na hofu ambayo sikumwonyesha. Wiki iliyopita tulikuwa tunachemsha vyombo, akaanza kuimba chini chini, akakatiza. Akasema wimbo ule ulikuwa wa kaka yake, aliyeingia msituni wakati wa vita na hakutoka. Hawajui alipigwa wapi, wala na askari gani.

Mvuke ulikuwa umejaa chumbani. Ningeweza kunyamaza. Nilimwambia kwamba nilikuwa na kaka aliyekuwa askari huko, na alifia msituni hukohuko. Na nilikuwa na kaka mwingine, aliyekataa vita vile, na kukataa kwake kulimwua polepole huku kwetu.

Njoroge aliweka koleo chini. Hakuniangalia. Nilidhani ataondoka, na sikuwa na haki ya kumzuia. Aligeukia dirisha, akakaa hivyo, akapangusa uso kwa mkono wa koti. Kisha akaokota koleo, akaanza kutoa vyombo kwenye maji ya moto, kimoja kimoja, anavipanga kwenye kitambaa. Alipofika cha mwisho akaniuliza, "Waliitwa nani?"

Nikamtajia Zefania. Nikakutaja wewe. Naye akanitajia wake, na tukaendelea na kazi.

Lala salama huko mkongeni, kaka. Mama anakusalimu, na baba pia.

Mdogo wako wa mwisho,
Raheli