Placide Anakuja, Lakini Ametuacha

Likasi, Panda
Tarehe 16 Juni 1984

Mpendwa mdogo wangu Léon,

Nakusalimu kwa upendo mwingi, mimi dada yako Philomène, pamoja na mama na wote wa nyumbani. Unaendeleaje? Miguu bado inavimba? Ile mashine ya kusafisha damu bado wanakufunga mara tatu kwa wiki? Mama anataka kujua kama unakula, na usimdanganye, maana picha uliyotuma aliitazama akalia siku nzima. Sisi huku tu wazima. Baridi imefika, asubuhi mikono inakufa ganzi tukichota maji.

Kwanza nikupe la furaha. Ndugu yetu Placide anakuja huko Ubelgiji. Damu yake imekubaliana na yako, daktari ametuonyesha karatasi. Atapanda ndege Jumamosi ijayo, naye yuko tayari kukupa figo lake moja.

La pili linaniuma hata kuliandika.

Jumapili iliyopita tulikaa kikao kwa baba yetu mdogo, tonton Casimir, ili tugawane mzigo wa safari. Watu walitoa kweli. Tonton alitoa tiketi ya ndege, mjomba Germain akashughulikia pasipoti, akina mama wa kanisa wakaleta koti la baridi na soksi. Tulipiga makofi, tukamshukuru Placide kwa figo lake, merci juu ya merci. Ndipo Placide akasimama, mikono nyuma kama mtoto wa shule, unamjua.

"Batata, baba zetu, figo nitapana," alisema. "Lakini munganga anasema miezi tatu siwezi kuinua hata chuma moya. Bana bangu bane, nani atabakulisha?"

Unajua analipwa kwa siku pale anapochomelea vyuma. Asipokwenda, hakuna kitu. Swali lake juu ya watoto wake wanne lilikuwa la haki. Na tonton ana magunia ya unga, posho ya kampuni yake, hadi chini ya kitanda! Lakini alikunja uso.

"Ah bon! Unamuuzishia ndugu yako figo?"

"Siuzishe kitu, tonton. Naulizia bana tu."

Wote wakamrukia kwa maneno, eti ana tamaa, eti anatia jamaa aibu, hata wale walioleta soksi. Nami, Léon, mkubwa wenu, nilijua ana haki na nikanyamaza. Niliogopa tonton atairudisha tiketi mfukoni nawe utakufa. Placide alinitazama, akangoja kidogo, kisha akatoka.

Jumatano nilimpelekea ndoo ya unga. Nyumba ilikuwa imefungwa. Jirani akaniambia Placide amempeleka mkewe Delphine na watoto Kambove kwa wakwe zake. Nikamfuata kazini.

"Yaya, dada yangu, Léon nitamupa, ni mutoto ya mama yangu," aliniambia. "Lakini beye bote ba kwa tonton, nimemaliza nabo. Na weye pia."

Akanirudishia unga mikononi. Nililia njia nzima mbele ya watu, na ndoo kichwani. Mama hakuwepo mkutanoni, hajui lolote. Anamfulia mashati ya safari huku akiimba, nami nashindwa kumtazama usoni.

Sasa nakuomba kitu kimoja, mdogo wangu. Wakishawapasua, nawe ukiamka ukamwona, usianze na merci. Merci alipewa nyingi kwa tonton. Muulize watoto wake wanaishi namna gani kule Kambove. Anza na binti yake Émérence, aliyeachishwa shule ya hapa wiki mbili kabla ya mtihani. Kisha umsikilize mpaka amalize, hata akitutukana sisi wote. Tulikuwa watu kumi na saba katika ule mkutano, na hakuna hata mmoja aliyejibu swali lake.

Mama anakukumbatia. Mjomba Germain anakusalimu. Tonton Casimir naye anakusalimu, anasema ukipona usisahau nani alilipa ndege.

Mungu awaamshe nyote wawili salama, na amrudishe Placide kwetu, ingawa sijui nitamfungulia mlango kwa uso gani.

Dada yako akupendaye na mwenye haya,
Philomène