Mtoto wa Saba Mezani

Rissne, 15 Januari 2024

Mdogo wangu Roselyn,

Nakusalimu kwa jina la Bwana. Umeamkaje, na mgongo umekuachia kidogo? Mimi niko, ni magoti tu yanayonikumbusha umri kila nikipanda ngazi. Mtoto wako hajambo. Amekula, amelala, ameamka, na amedai chakula tena.

Utashangaa kukuta barua ndani ya mkoba wa Adhiambo. Simu niliyo nayo ni ya shirika lililoniajiri, sitaki mambo yetu yakae humo. Na mlangoni hatuwezi kusema, kwa kuwa wewe unakimbilia kusafisha maofisi ya watu huko Kista, na nyuma yako wamesimama wazazi wengine na masikio yao. Basi tutaandikiana hivi, mtoto atakuwa tarishi wetu.

Sasa sikiliza, uelewe vizuri. Mimi ni dagmamma, nalea watoto wa watu hapa nyumbani kwangu kwa kibali, na kibali kinasema watoto sita, basi. Watano ni wa watu. Wa sita ni Glody, mjukuu wangu. Kwa wale watano shirika linanirudishia pesa ya chakula. Kwa Glody sirudishiwi kitu, eti ni damu yangu, ningempikia hata hivyo. Lakini kwenye hesabu ya sita yumo. Yaani kwa macho yao Glody ana makalio ya kukalia kiti, ila tumbo hana! Siku waliponieleza nilicheka peke yangu jikoni.

Adhiambo wako ni wa saba. Yeye tumbo analo, kiti ndicho hana. Wakimkuta hapa kibali changu kinakwenda, na kwa umri huu na hiki Kiswidi changu cha kuokoteza, nani atanipa kazi nyingine? Lakini manispaa wamekuambia nafasi ya kulelewa mtoto itapatikana baada ya miezi minne, na kazi yako haikuwa ya kungoja. Ningefanyaje? Mtoto akukute unapakua, umwambie hesabu imejaa? Kwetu Uvira sijapata kuona jambo hilo. Nitaongeza maji kwenye mchuzi, na siri ibaki kati yetu sisi wawili.

Kwenye bakuli la bluu nimekuwekea sombe, kisamvu cha kwetu. Ule ukifika, usilale na chai tupu.

Dada yako,
Madeleine


Hjulsta, 18 Januari 2024

Dada Madeleine,

Salamu nyingi kutoka kwa mdogo wako. Mimi mzima, mgongo ni uleule, na ofisi za Kista hazipungui ghorofa. Natumai magoti yanakusikiliza leo.

Sombe nimeila nikalamba vidole, halafu nikalamba kifuniko. Bakuli nimekurudishia na omena, wale mnaowaita ndagala. Kwetu bakuli la mtu halirudi tupu, mama yangu angenichapa hata nikiwa huku Ulaya. Najua utasema wanakukodolea macho. Funga yako ule.

Dada, sijui nikuambie nini. Tangu baba yake Adhiambo atuache, wewe ndiye mtu wa kwanza aliyeniuliza nimekula nini. Msimamizi wangu amesema miezi hii ya majaribio nikikosa kufika kazini ovyo, nisirudi. Kwa hiyo asubuhi nikikukabidhi mtoto bado ana usingizi, nakukabidhi kodi ya nyumba na maisha yetu sote wawili. Kwenye maombi ya manispaa, pale wanapouliza ungependa alelewe wapi, nimeandika jina lako mwanzo kabisa. Labda Mungu atafungua kiti.

Mdogo wako,
Roselyn


Hjulsta, 4 Machi 2024

Dada Madeleine,

Hujambo? Sisi tuko salama, ila kuna jambo limeninyima usingizi, na ningependa unijibu leoleo.

Jana Jumapili tulikuwa tunakula, jirani akapiga kengele kuuliza zamu ya chumba cha kufulia. Adhiambo akachukua sahani yake kwa mikono miwili, akaingia kwenye kabati la makoti, akakaa juu ya viatu vyangu, akavuta mlango. Nilidhani anacheza. Jirani alipokwenda nikamwita, hakutoka. Nilipofungua nilimkuta anatafuna polepole, midomo imefumbwa, ili asisikike.

Nikamuuliza anafanya nini humo. Siku hizi ananijibu kwa Kiswidi tu. Alinijibu kwamba hayupo.

Dada, hayo amefunzwa na nani?

Mdogo wako,
Roselyn


Rissne, 4 Machi 2024

Mdogo wangu,

Nimeisoma barua yako watoto wakiwa wamelala. Afya yangu nzuri, moyo ndio umeshtuka kidogo, si kwa sababu nina hatia, ni kwa jinsi ulivyouliza.

Ni mchezo. Mwanamke wa ukaguzi huja bila taarifa, na hupenda kuja saa ya chakula, aone wanakula nini na wako wangapi. Kwa hiyo kengele ikilia tukiwa mezani, Adhiambo hubeba sahani yake akaingia kabatini. Tunauita mchezo wa panya. Nimemwekea mto humo na taa ndogo. Wenzake humshangilia akitoka, naye hufurahi, na katika wote hakuna anayemshinda kwa kunyamaza.

Ulitaka nifanye nini, Roselyn? Nimfungulie mlango mkaguzi, nimwambie karibu, hawa ni saba? Mtoto anakula nyama ileile wanayokula wenzake, tena mimi hupunguza kwenye sahani yangu. Ningekuwa mbaya ningekuambia tangu Januari sina nafasi, nikalala usingizi wangu. Heri nusu shari kuliko shari kamili. Nafasi yake itatoka Mei, mchezo utakwisha, atasahau. Watoto husahau.

Sombe leo imekosekana dukani. Nimekuwekea maharagwe.

Dada yako,
Madeleine


Hjulsta, 7 Machi 2024

Dada Madeleine,

Natumai u mzima. Mimi sijui nilivyo.

Maharagwe nimeyala, na bakuli lako nimelijaza mandazi, maana ndivyo nilivyolelewa. Lakini niruhusu niseme, nisiposema nitapasuka. Kwa nini wangu? Glody hulipiwi chakula chake, uliniambia mwenyewe. Ni mjukuu wako, angejificha kwa bibi yake na isingekuwa aibu. Kumbe kengele ikilia yeye anabaki kwenye kiti anachovya mkate, na mwanangu anakwenda kukaa na viatu. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Mtoto hasahau mahali alipokatazwa kutafuna kwa sauti.

Ningekuwa na pa kumpeleka, kesho usingetuona. Sina. Nimezunguka kwa kila mtu wa kanisani, wote wanafanya kazi asubuhi kama mimi. Kwa hiyo kesho nitamleta, na keshokutwa, na utamfungulia, na mimi nitakimbilia treni huku najua anakokwenda kukaa. Sijui ninayemchukia zaidi ni wewe au ni mimi.

Mwambie basi asilifunge kabati kabisa.

Roselyn


Rissne, 18 Aprili 2024

Mdogo wangu Roselyn,

Umenyamaza tangu mwezi uliopita. Unamleta mtoto, unamchukua, unaniitikia kwa kichwa kama mtu wa benki. Nimevumilia, nikisema ni hasira, itapoa. Leo siulizi afya yako wala sisemi yangu. Mlangoni jioni nitakapokukabidhi mtoto sitaweza kukutazama, kwa hiyo naandika sasa, upesi, kabla hujafika.

Leo ni Alhamisi, siku ya supu ya njegere na pankeki. Kengele ililia kabla hata sijamaliza kupakua. Adhiambo akainuka mwenyewe, sikumwambia, akabeba sahani yake akaenda. Mkaguzi akaingia. Siku zote husimama, huangalia friji, hutazama ratiba ya vyakula ukutani, huenda zake. Leo alivua viatu, akaomba sahani, akakaa kwenye kiti kidogo, akala nasi. Akaomba jamu. Akaimba na watoto. Akahesabu vichwa kwa kidole, akasema sita, kama ilivyoandikwa. Nikajibu ndiyo, sita.

Alisema nyumba yangu imetulia kuliko zote anazozikagua. Na nikuambie ukweli, maana leo sina nguvu ya kuupamba: nilimwonea fahari mwanao, jinsi alivyokuwa hodari wa kunyamaza. Ilidumu kidogo tu, lakini niliiona ndani yangu.

Alipoondoka tulipiga makofi kama kawaida ili panya atoke. Hakutoka. Glody akampelekea pankeki, hakuipokea. Nilipofungua nilikuta taa imekufa betri, supu haijaguswa, naye amejikojolea akaukalia mkojo wake, asiombe kwenda chooni. Nilimbeba akiwa mgumu mwili mzima. Nikamwambia mgeni amekwenda, njoo mezani, kaa kwenye kiti changu mimi. Akatikisa kichwa.

Suruali aliyovaa ni ya Glody, usishangae. Yake nimeifua, iko kwenye mfuko wa plastiki. Bakuli nimeliweka juu, lina pankeki zake.

Nisamehe, mdogo wangu.

Madeleine


Rissne, 20 Mei 2024

Mdogo wangu Roselyn,

Safari hii barua imekuja kwa posta, kwa kuwa tarishi wetu haji tena. Hamjambo? Nilikuja Hjulsta mara mbili, nikabonyeza kengele, nikasikia ndani mlango wa kabati ukifungwa. Nikageuka nikaondoka. Sitabonyeza tena kengele yenu.

Nina habari, na sijui niiite njema. Mtoto mmoja wa hapa amehamia Uppsala na wazazi wake. Leo shirika limenijulisha anayemfuata kwenye foleni, kwa kuwa mama yake aliandika jina langu mwanzo kabisa. Ni Adhiambo. Nilisoma mara mbili, nikakaa chini. Sasa ana kiti, Roselyn. Kiti na tumbo, vyote kwenye karatasi. Nimekisogeza karibu na dirisha. Makoti nimeyahamishia ukumbini, na kabati nimemwambia Édouard wa kwaya aje aling'oe, nimempa na pesa ya soda.

Mlete. Nakuomba kama dada. Nitamkalisha mbele ya kila mkaguzi atakayekuja.

Na kama hutamleta, kuna jambo jingine, na nakuomba usinidharau kwa kulisema. Ukiikataa nafasi hii, wanakuuliza sababu. Pana mistari ya kuandika. Ukiandika habari ya kabati, wananinyang'anya kibali siku hiyohiyo. Mimi ni mjane, unajua. Usiponihurumia mimi, wahurumie hao wengine, mama zao nao wanadamka gizani kama ulivyokuwa ukidamka.

Nijibu, hata kama ni neno moja.

Dada yako, ukikubali bado niitwe hivyo,
Madeleine


Hjulsta, 3 Juni 2024

Mama Madeleine,

Nimepata barua yako. Natumai unaendelea vizuri na wanao wote ni wazima.

Kazi ya Kista imekwisha. Baada ya ile Alhamisi nilikaa naye nyumbani, sikuenda kazini, na msimamizi akatimiza alichosema. Kwa hiyo kazi ile niliyomwacha mtoto kabatini ili nisiipoteze, nimeikosa pia. Usilie kwa ajili hiyo, mimi nimeshalia, yametosha.

Adhiambo amepata chekechea hapahapa Hjulsta. Wiki iliyopita mwalimu wake aliniita. Ni msichana mpole, ananitazama kwanza kabla ya kusema. Alisema mtoto anakula vizuri na hasumbui, ila asubuhi wakiita majina haitiki. Wanamwona amekaa palepale, wanamwita, anawatazama, kimya. Akaniuliza kama masikio yake yamewahi kupimwa. Nikasema nitampeleka hospitali. Ningemwambia nini? Nilitoka nikasimama pale wanapotundika makoti ya watoto, nikashindwa kuvaa langu.

Uliponichukulia mtoto wangu uliniokoa, sitalikana hilo mbele ya Mungu. Na ulimfundisha kwamba hayupo, nami niliendelea kumleta ajifunze vizuri zaidi. Hilo tutaligawana mimi na wewe, kila mtu na fungu lake, wala sitaki kulizungumza tena.

Nafasi nimeikataa. Kwenye sababu nimeandika kwamba Rissne ni mbali na nyumbani. Ni vituo vitatu, watanicheka, lakini hawatakunyang'anya kibali. Sikuandika hivyo kwa ajili yako. Niliwafikiria wale mama wanaokimbilia treni.

Usiniandikie tena, na jina langu usilitaje mbele ya Adhiambo mkikutana kanisani. Msalimie yeye tu, kwa jina lake, kwa sauti. Anahitaji kulisikia.

Bakuli lako la bluu nimelitundika kwenye kitasa cha mlango wako alfajiri hii, ndani ya mfuko, pamoja na barua hii. Nimelisugua, nimelifuta likakauka. Usitafute kitu ndani yake, nimelirudisha tupu.

Mama Adhiambo